Kambale wa Dada

Kila mwaka, mafuriko ya mto wa kwetu yalipopungua, dada yangu alinitumia hapa Kariakoo kambale wa kukaushwa. Tangu bwawa la umeme lijengwe huko juu, maji hayafuriki tena hadi kwenye ziwa walikozaliana kambale. Misimu ikapita bila kifurushi, kisha akanipigia simu.

“Mdogo wangu, wewe unayesoma vitabu. Ziwa litajaa tena, au nimfuate mwanangu Mtwara?”

Kule kwetu nilibakiwa na yeye tu. “Usingoje, dada,” nikamjibu. “Bwawa ndilo linalozuia mafuriko.”

“Kumbe taa zenu zinakula kambale wangu!” akacheka.

Alihama. Jioni nanunua samaki sokoni, nakula chini ya taa, na sina tena wa kumwuliza mto umeshindaje.