Kioo cha Mlango wa Watoto Wadogo

Jeltje Wiarda alirithi ufundi wa vioo siku baba yake alipoanguka ngazini akavunjika nyonga, na miaka thelathini na sita ya kazi haikumfundisha kubembeleza mteja. Kijijini kwao, katika jimbo la baridi la Friesland, watu waliisifu kazi yake na kuulalamikia mdomo wake. Mwenyewe alisema mdomo haujawahi kuvunja kioo cha mtu.

Gesi ilipopanda bei, kila nyumba ilitaka vioo vya tabaka mbili vya kuhifadhi joto. Shule nayo ikampa kazi: madirisha yote, ila aanze na mlango wa watoto wadogo. Ule wa mbao ulikuwa umeoza. Mpya ungekuwa wa kioo kuanzia sakafuni, uwe tayari kwa sikukuu ya Mtakatifu Nikolaasi, tarehe tano Desemba.

Kioo kililetwa tarehe mbili. Jeltje akawasha kiberiti cha gesi mbele yake, akahesabu vimuli vinne vikiakisiwa ndani, viwili kwa kila tabaka. Kimoja kilikuwa na rangi tofauti na wenzake, alama ya upande uliopakwa dawa ya kuhifadhi joto. Kwa joto, hapakuwa na neno. Kisha akatafuta muhuri wa usalama kwenye pembe zote nne, asiuone. Kiwanda kilikuwa kimeleta kioo cha kawaida, kile kinachovunjika vipande vikali.

"Hiki sikiweki," alimwambia Doeke, mwalimu mkuu, aliyesoma naye darasa moja.

"Jeltje, jamani! Sherehe hiyo imefika. Kitie, tutabadilisha Januari."

"Siku yenyewe si unajificha nje na kuubamiza mlango kwa ngumi? Halafu watoto wote wanaukimbilia, eti Mtakatifu kafika?"

"Miaka ishirini nabamiza, hajaumia mtu."

"Ulikuwa unabamiza mbao, bwana wee!"

"Ukaidi huu ndio uliokukosesha mume."

"Na wewe nywele zimekimbia nini?"

Doeke hakucheka. "Usipokitia, madirisha yaliyobaki nampa fundi mwingine."

Jeltje alijua hatanii, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ya kumvusha majira ya baridi. Ilimuuma sana. Hata hivyo alikirudisha kioo garini, akapigilia ubao mlangoni.

Akina mama wakanung'unika kwamba darasa limekuwa giza kama ghala. Jeltje akakisumbua kiwanda kwa simu asubuhi na jioni, na tarehe tano akaendesha gari mwenyewe kukifuata kioo chenye muhuri. Alimaliza kukitia saa tisa alasiri, watoto wakiwa wameshaanza kuimba.

Alikuwa akikusanya vifaa Doeke, aliyejibanza nje kando ya kioo, alipoubamiza mlango. Watoto wakapiga kelele, wakatimua mbio. Nynke, wa miaka mitano, alitangulia na kiatu chake cha mti mkononi, tayari kutiliwa peremende. Akajikwaa. Kiatu kikakipiga kioo, paji la uso likafuata.

Kioo kikalia kwa kishindo, kikajaa nyufa kutoka chini hadi juu. Hakikudondoka hata kipande. Utando wa usalama uliobanwa katikati yake ulikishika chote, na Nynke akaketi chini, akashika nundu yake, akaangua kilio.

Doeke aliingia mbio, akamnyanyua, akamkagua uso, viganja, kidole kimoja kimoja. Jeltje alikuwa ameshapiga magoti, akipima mlango upya.

"Na madirisha, Jeltje," alisema Doeke kwa sauti ndogo. "Yote ni yako."

"Usinisemeshe, nitakosea kipimo," alijibu, maana machozi yalikuwa yamemziba macho.