Dhamiri ya Mehitabel Thurlow

Kijijini kwetu, katika koloni la Waingereza la Connecticut, Marekani, Mehitabel Thurlow alijulikana kwa siagi yake na kwa dhamiri yake. Siagi ilikuwa tamu. Dhamiri ilikuwa balaa tupu. Kila jioni, baada ya uji wa mahindi, aliupekua moyo wake akitafuta dhambi, kama tulivyofundishwa sote, na asipoiona alizidi kuogopa, maana mchungaji alishasema kwamba shetani hupenda kujilaza kwenye moyo uliotulia. Mumewe, Eliphalet, alimtania kwamba angetafuta chawa kwa bidii hiyo, nyumba nzima ingeacha kujikuna.

Kisha ng'ombe wa jirani yao, Jerusha Pell, akakauka maziwa. Siku chache nyuma wanawake hao walikuwa wamegombania ua wa mpakani, na Jerusha akaapa kwamba alimwona Mehitabel akipita huku ananong'ona. Alinong'ona kweli. Alikuwa anatubu maneno makali aliyomtupia Jerusha. Lakini nani angelisadiki hilo? Wakamfunga kwa uchawi.

Eliphalet alimpelekea mkate gerezani.

"Mke wangu, wakikuuliza, sema hapana. Hapana tu, basi."

"Na kama si kweli?"

"Kwani umewahi kumwona shetani?"

"Sijamwona. Na dhambi sijawahi kuiona, Eliphalet, lakini ninayo."

Eliphalet alirudi nyumbani analia, na hakuona haya.

Kesi ilisikilizwa kanisani. Mchungaji alimuuliza kama amewahi, hata kwa dakika moja, kumpa shetani moyo wake. Mtu mwingine angekana palepale. Mehitabel alianza kuupekua moyo wake, mbele ya watu wote, kana kwamba amekaa jikoni kwake.

"Siku tuliyomzika mwanangu Reuben," alisema, "nilimchukia Mungu, toka kaburini mpaka mlangoni kwangu. Siku hiyo moyo wangu haukuwa wake. Sijui ulikuwa wa nani."

"Ulikuwa wa shetani, mwanangu," mchungaji alimjibu kwa upole, na nadhani upole ule ndio unaoniudhi mpaka leo. Karani akaandika kwamba mshtakiwa amekiri kufanya agano na shetani. Eliphalet alisimama akasema huo ulikuwa uchungu wa mama, si agano. Wakamtoa nje.

Sheria yetu haikuwa na huruma kwa aliyekiri. Walimnyonga wakati wa kukata majani ya mifugo, na kijiji kizima kilikwenda kutazama. Ng'ombe wa Jerusha alipozaa tena, maziwa yalirudi, kama kwa ng'ombe yeyote.

Jioni ya siku ile ya kunyongwa, Jerusha naye alikaa kuupekua moyo wake. Ana binti aliyezikwa nyuma ya kanisa. Alipekua mwaka baada ya mwaka mpaka akafika siku ya mazishi, akakumbuka alichomwambia Mungu njiani wakati wa kurudi. Hapo akaacha kupekua. Tangu siku hiyo, Jerusha Pell akipita njiani, hupita amefumba mdomo.