Meseji Kutoka Ng'ambo

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye karakana ya mifupa huko Gatwekera, Kibera. Mifupa ya ng'ombe ilitoka kwa wachinjaji na harufu yake yote, ikachemshwa, ikakatwa, halafu ikafika mikononi mwangu niipige msasa mpaka ing'ae. Tulitengeneza vikuku, vijiko na vifungo vya nguo. Fundi wetu alikuwa mwanamume mpole kutoka Magharibi mwa Kenya, mtu wa maneno machache. Kando yangu aliketi mama mmoja wa Kitui aliyetunga shanga. Mimi kwetu ni Machakos, kwa hivyo tulisengenya dunia nzima kwa Kikamba, naye Fundi akajifanya hasikii.

Mchezo wetu ulianza kwa sababu ya mteja. Alikuja na picha ya dadu za ajabu, nyingine za pande nane, nyingine za pande ishirini, akataka zichongwe kwa mfupa. Fundi aliharibu mifupa mingi kabla ya kuipata ile ya pande ishirini sawasawa. Alipouliza zinafanya kazi gani, yule mteja aliketi juu ya debe akamweleza kwamba kuna mchezo usio na ubao. Mtu mmoja anasimulia nchi. Wengine wote ni watu wa nchi hiyo, kila mmoja anasema anachofanya, na pale ambapo haijulikani kama atafaulu, dadu inaamua. Mteja huyo akasafiri, hakurudi kuchukua mzigo wake. Dadu zikakaa rafuni, Fundi akawa anaziangalia tu.

Siku moja stima ilipotea mchana na mashine ya kukatia ikanyamaza. Fundi alizishusha zile dadu, akazipangusa vumbi kwa shati.

"Kuna nchi inaitwa Ng'ambo," alisema. "Ilikuwa na miji mingi. Giza likatoka chini ya mlima pamoja na watu wasio na nyuso, miji ikaanguka. Umebaki mji mmoja juu ya kilima. Vita vimepita. Sasa watu wanataka kula. Nyinyi ni kina nani hapo?"

Tulimwangalia kama mtu aliyepigwa na jua. Mama wa shanga ndiye aliyejibu kwanza.

"Mimi sipigani na mtu, Fundi. Nakwambia mapema."

"Sijasema upigane."

"Basi mimi ndiye mwenye mbegu. Anayetaka kupanda aje kwangu, na aje na adabu."

Mimi nilisema ni mganga wa kuunga mifupa, wakacheka mpaka jirani akachungulia. Baadaye alijiunga na sisi mlinzi mmoja aliyekuwa analinda fleti upande wa Nyayo Highrise. Alizoea kupitia kwetu jioni akielekea zamu. Tulidhani atataka kuwa askari. Akakataa. "Kulinda nalinda kila siku," alisema. "Huko Ng'ambo mimi nafuga nyuki." Alikuwa mtu mkubwa mwenye koti refu la bluu, na alipozungumza na nyuki wake alishusha sauti kabisa.

Hivyo ndivyo tulivyoishi karibu mwaka mzima. Kila jioni, kazi ikiisha, tulikuwa na mji wa kutunza. Sikujua kwamba mtu anaweza kukosa usingizi kwa sababu ya chumvi ya watu ambao hawapo, lakini nilikosa. Visima vya Ng'ambo vilikuwa vimeingia Giza na maji yake yalimsahaulisha mtu jina lake. Tulibishana wiki nzima juu ya kisima kimoja. Mama wa shanga alikataa kutoa mbegu mpaka mvua ionekane kwa macho. Mlinzi alihamisha mizinga yake mara kwa mara, dadu ikimwangusha, naye akaanza tena bila kulalamika. Hakuna aliyekuwa shujaa. Nadhani ndiyo maana tuliipenda.

Kisha kura ya urais ya mwaka 2007 ikafika. Tulipiga foleni asubuhi na mapema, tukarudi na vidole vyenye wino, tukangoja. Matokeo yalipotangazwa nilikuwa ndani ya chumba changu Soweto West. Nilisikia kelele zikija kwa mawimbi, halafu harufu ya moshi wa mabati yanayoungua, harufu ambayo ukiijua hutaichanganya na nyingine. Siku chache za kwanza watu wa kwetu hatukuguswa sana. Lakini kiongozi wetu mmoja alipochukua cheo katika serikali ambayo mtaa wetu uliipinga, majirani wakaanza kutuangalia vingine. Mwanamke niliyechota naye maji alipita mlangoni kwangu bila salamu. Jioni hiyo mtu alipiga teke bati la ukuta wangu na kusema kwa utulivu kabisa, "Wewe wa Machakos, bado uko?"

Asubuhi mlinzi alikuja, amevaa koti lake.

"Beba unachoweza," alisema. "Twende nikusindikize."

"Na wewe wakikuona na mimi?"

"Mimi wananijua. Koti wanalijua pia. Wewe usiongee."

Yeye ndiye aliyebeba begi langu. Tulipita vichochoro hadi Ngong Road. Njiani vijana walimsalimia, naye akawajibu niaje bila kupunguza mwendo, kana kwamba mimi ni mzigo mwingine tu anaopeleka mahali. Barabarani alinipa begi, akasema, "Salimia nyumbani," akageuka. Nilitembea peke yangu mpaka Kawangware, kwa shangazi yangu. Mama wa shanga alikuwa ameshaondoka na watoto wake kwenda Kitui. Karakana ilivunjwa siku iliyofuata, mashine zikabebwa. Fundi alinipigia simu kunieleza, akasema hata zile dadu zimeenda.

Kawangware nako hakukuwa shwari. Kila mtaa ulikuwa na vijana wake na kizuizi chake. Shangazi alifunga kibanda chake cha mboga, tukakaa ndani tunasikiliza redio mpaka betri zikaisha. Kredo ya simu ilikuwa adimu kuliko sukari, na meseji zilizokuwa zikizunguka zilikuwa za kutisha: nani anakuja, nani ahame kabla ya lini. Nilikuwa nazifuta bila kuzisoma hadi mwisho. Siku moja simu ikalia tena, nikaishika nikiwa nimeshachoka nayo.

Ilikuwa ya Fundi. "Mganga, mji bado uko. Mtu ameanguka kutoka ukutani, mguu umevunjika. Unafanya nini?"

Niliketi kitandani nikaisoma mara nyingi. Halafu nikajibu: "Nauosha kwanza kwa maji ya chemchemi. Nauliza jina lake."

Tangu hapo tulicheza hivyo. Kwa kuwa dadu zilikuwa zimepotea, Fundi alirusha kifuniko cha soda: kikianguka kwa mgongo umefaulu, kikianguka kifudifudi umeshindwa. Sikuweza kukiona, lakini sikuwahi kumshuku. Mama wa shanga alijibu kutoka Kitui alipopata mtandao, kwa kawaida akikataa kutoa mbegu. Mlinzi ndiye ambaye hakujibu. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nilipomuuliza Fundi, aliniandikia: "Sijui. Mizinga yake iko salama. Hakuna mtu ataigusa."

Siku moja shangazi alinituma nikatafute unga, maana tulisikia kuna duka limefungua nusu mlango. Nilipofika kwenye kona, vijana walikuwa wameweka mawe na tairi barabarani. Mmoja alikuwa na panga, lakini ameliegemeza kwenye ukuta kama mtu aliyechoka kulibeba. Mwenzake, mwembamba, amevaa kofia ya sufi, aliomba kitambulisho changu. Akasoma jina, akalirudia polepole.

"Unatoka wapi?"

"Kwa shangazi yangu, hapo nyuma ya kanisa."

"Kabla ya hapo."

"Kibera."

Wakatazamana. "Leta simu," akasema.

Nilimpa. Meseji ya mwisho ilikuwa ya Fundi, ya asubuhi ile ile. Aliisoma kwa sauti. "Giza limefika mtoni. Kuna watu langoni, hatuwajui. Wanaomba kuingia. Tunafungua au tunafunga?"

Aliyekuwa na panga akalichukua.

"Mtoni wapi?" aliuliza yule wa kofia. "Ni hapa chini? Ni kina nani wanakuja?"

"Hakuna mtu anakuja. Ni mchezo."

"Mchezo gani saa hii?"

Niliwaeleza. Nikaona njia pekee ni kuwasimulia nchi yenyewe, jinsi Fundi alivyotusimulia sisi. Niliwaambia juu ya mlima, watu wasio na nyuso, kisima cha kusahau jina, mama anayekataa kutoa mbegu. Yule wa kofia alirudi nyuma kwenye meseji za zamani, akaanza kusoma moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye mguu uliovunjika, akauliza, "Alipona?"

"Anatembea kwa mkongojo."

"Huyu siste ni kichaa," alisema mwenye panga, lakini alilirudisha ukutani.

Yule wa kofia bado aliishika simu yangu. "Sasa hawa wa langoni. Msifungue. Hamuwajui."

"Wakiwa na watoto je?" aliuliza wa tatu, aliyekaa juu ya tairi.

"Wako na watoto?" wa kofia akaniuliza.

"Sijui. Msimulizi hajasema."

"Muulize."

"Kredo imebaki ya meseji moja."

"Si umuulize."

Nikaandika: "Kati yao kuna watoto?" Nikatuma. Tulingoja, watu wanne kwenye barabara tupu, tukiangalia kioo kidogo cha simu. Jibu halikuja. Mwisho yule wa kofia akanirudishia simu na kitambulisho. "Duka liko wazi, lakini pita upande huu. Ule mwingine ni mbaya leo." Nilipata unga. Nilirudi kwa njia aliyonionyesha, nikasonga ugali.

Jibu la Fundi liliingia giza lilipoanza kushika. "Ndio. Wawili." Shangazi alikuwa akinitazama, maana nilikuwa nimemwambia yote. Sikuwa na kredo ya kujibu. Alikwenda kwa jirani, akaomba simu yake, akanipa. Niliandika: "Tunafungua." Sikuwahi kujua wale vijana wangesema nini. Nilipita kona ile mara nyingi baadaye, mawe yakiwa yameondolewa, sikuwaona tena.

Viongozi wawili waliogombania urais walipopeana mikono kwenye televisheni, watu walitoka nje kimya kimya, kama baada ya mvua kubwa. Fundi alikuja Kawangware Jumapili moja, kwa miguu, amekonda. Shangazi alimkaribisha chai. Mara ya kwanza alipotaja Ng'ambo mbele yake, shangazi akasema watu wazima wanapaswa kuwa na haya. Kufikia kikombe cha pili alikuwa anauliza kwa nini mji mzima hauna soko, na nani aliyekabidhiwa ufunguo wa ghala.

"Hakuna," alisema Fundi.

"Ndiyo maana mna njaa," alisema shangazi. "Nipeni mimi."

Mlinzi tulimpata majuma mengi baadaye. Alinipigia kwa namba nisiyoijua, kutoka kwao; namba yangu na habari zetu alipewa na Fundi. Siku chache baada ya kunisindikiza, fleti zilipunguza walinzi, akapanda basi kurudi nyumbani na simu ikaibiwa njiani. Baba yake alikuwa amezeeka na ng'ombe walihitaji mtu. Hangerudi tena Nairobi.

"Nilisikia mliendelea," alisema.

"Tuliendelea."

"Nyuki wangu mpeni huyo shangazi yako. Lakini mwambie asiwapigie kelele."

Nilimwambia. Shangazi alichukia kuambiwa hivyo, lakini Jumapili hiyo alizungumza kwa sauti ya chini muda wote.

Hatukuimaliza Ng'ambo, na sidhani kama ilikuwa ya kumalizwa. Fundi alipata kazi ya kuchonga Mombasa mwaka ule ule, mama wa shanga akafungua duka Kitui, mimi nikaingia kwenye biashara ya mboga na shangazi. Tulipoachana, mji ule ulikuwa bado maskini, Giza bado liko ng'ambo ya mto, na watu wanapaka chokaa kuta za shule. Shangazi alikaa majuma kadhaa akiniuliza kama Fundi ameandika. Nilipomjibu hapana, alikuwa akisema tu, "Atakuwa na kazi nyingi," akaendelea kupanga nyanya.