Ule Ukanda Mweupe Niliokata

Chekeni sasa hivi tumalize, kwa sababu nikifika katikati sitaki mtu wa kunikatiza. Mimi Igoki, mama wa watoto saba, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu huku upande wa Ishiara, nilijiaibisha kwenye mazishi ya rafiki yangu, kaburi likiwa wazi na maiki ikiwa mkononi, na sina wa kumlaumu. Si shetani, si presha, ni mimi na mkasi wangu wa kushonea.

Mjukuu wangu naye anaitwa Igoki. Ndiye kifungua mimba wa mwanangu Njeru, kwa hiyo jina ni langu na mimi humwita wajina, na akifanya jambo zuri huwa natembea sokoni kama mimi ndiye nimelifanya (hapo ndipo ubaya ulipoanzia, lakini tupite). Ni mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana, na ana ugonjwa mmoja wa kupiga picha mbinguni. Kila mwezi ukiisha, giza likikolea, alikuwa anakuja na darubini yake na kamera yake anazisimamisha uani karibu na ghala, kisha ananiamrisha kama mimi ndiye mwanafunzi.

"Cucu, taa!" (Cucu ndiyo nyanya huku kwetu.)

"Nimezima."

"Na ile ya choo?"

Basi naenda nazima ya choo, naenda choo na mkono ukutani.

Alikuwa anatafuta wingu. Si la mvua, hilo tungemshukuru. Hili ni wingu la hewa, liko huko mbali kwenye nyota, hafifu kuliko moshi wa jiko lililozimwa jana, na kwa macho haliwezi kuonekana hata ukiwa mwewe, sembuse mimi niliye na mtoto wa jicho pande zote mbili. Alikuwa na vioo vitatu vidogo kama vifuniko vya soda, filta, na kila kimoja kinaruhusu mwanga wa hewa moja tu na kuuzuia mwingine wote. Kimoja cha haidrojeni, kimoja cha oksijeni, kimoja cha salfa. Anaweka hiki anakesha nacho, kesho kile, halafu mvua inaingia, anangoja mwezi uishe tena, na hivyo ikachukua miezi. Siku aliyonionyesha kwa kompyuta nikaona picha tatu nyeusi na nyeupe, kama za kipande, kile kitambulisho cha zamani.

"Wajina, miezi yote hiyo ndiyo hii? Mbona kama tako la sufuria?"

"Ngoja Cucu, bado sijaipa rangi."

"Kwani unajichagulia?"

"Najichagulia kwa sababu. Salfa na haidrojeni kwa kweli zote ni nyekundu. Nikiziacha hivyo, nani atajua hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi? Wewe pale stoo ya soko magunia yako ya ndengu unayatambuaje?"

"Kwa uzi." (Huku kwetu kila mama anashona mdomo wa gunia kwa uzi wa rangi yake. Wangu ni mwekundu. Wa rafiki yangu Ciarunji ulikuwa wa bluu, tangu tukiwa na meno yote.)

"Kwani ndengu zako ni nyekundu?"

"Si nyekundu. Ni uzi tu."

"Basi."

Nilielewa kabisa. Nataka mjue hivyo, msije mkasema mzee hakuelezwa.

Alipoichapisha aliniletea moja. Ilikuwa nzuri mpaka nikakaa chini. Dhahabu katikati, bluu ikiizunguka, na umbo kama la mama aliyeketi amejifunika leso. Chini ya picha kulikuwa na ukanda mweupe wenye maandishi. Kusoma ninajua, niliacha shule darasa la tatu lakini Biblia naisoma, ila polepole, na kidole. Maandishi yale sikuyasoma. Nilifikiri ni maneno ya kiwanda, kama yale ya chini ya kalenda.

Kisha Ciarunji akafa. Sukari. Sitasema mengi, tulichota maji pamoja tukiwa wasichana na tukazeeka pamoja, nikaamka asubuhi moja nikiwa peke yangu. Nikaambiwa nizungumze kwa niaba ya marafiki. Nami nikawaza, maneno ni ya kila mtu, mimi nitapeleka picha.

Fremu nyumbani ilikuwa moja, ya marehemu mume wangu Mbogo. Nikamwacha humo humo, nikaweka wingu juu yake. Likazidi vidole vinne kwa chini. Nikachukua mkasi nikakata ule ukanda mweupe, krrr, nikaukunja nikauchomeka mahali, fremu ikafunga vizuri. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yote, dakika moja.

Igoki hakujua. Alinipigia simu siku iliyotangulia akiwa na mambo yake mwenyewe. Alikuwa anaanzisha chama cha wasichana cha kutazama nyota, na wazazi walikuwa wakinung'unika, eti mwalimu gani huyo wa kuwatoa watoto nje gizani, na mkuu wa shule alikuwa amemwambia bila fomu za wazazi hakuna chama. "Jumatatu ndiyo mwisho, Cucu. Wengi wao nitawapata hapo mazishini, nitawasalimia tu wanione mimi ni mtu wa kawaida. Wakiniamini, nimemaliza."

Nikamwambia usijali, wajina, mimi niko.

Nilikuwa, kweli.

Hema lilijaa. Zamu yangu ilipofika tulikuwa tumeshatoka hapo tukasimama kaburini, nikashika maiki, nikaifunua fremu iliyokuwa ndani ya leso, nikaiinua juu. Nilikusudia kusema mambo machache. Lakini niliwaona watu wote wananitazama, na uchungu ulinipanda pamoja na kile kiburi changu, vikachanganyika, nikasema, "Ciarunji hajapotea! Yuko hapa! Hii si picha ya kuchora, mjukuu wangu ameipiga uani kwangu kwa mashine. Dhahabu hii ni Mungu ameitia, na bluu hii ni Mungu ameitia, na mnamwona wenyewe ameketi na leso yake!"

Akina mama wakasema amina. Muthoni, binti ya Ciarunji, alikuja akaikumbatia fremu akilia, akaomba izikwe na mama yake. Wakati huo bado ningeweza kukaa chini.

Ndipo mzee Nyaga wa kanisa akainua mkono. Huyu ana wasichana watatu katika shule ya Igoki, na ni mtu wa kusoma karatasi mara mbili kabla ya kutia sahihi. Akauliza kwa upole, "Mama Njeru, samahani. Sisi tukitazama juu ni giza. Hizi rangi mashine ilizitoa wapi?"

Mtu mwenye akili angesema tutaongea baadaye. Mimi nikasema, "Mwenyewe yuko hapa! Wajina, njoo uwaambie!"

Igoki alitoka kati ya walimu wenzake uso ukiwa wa majivu. Aliiona picha, akaona chini imekatwa, akanitazama. Nikampa maiki. Akasema, "Wingu ni la kweli. Umbo lake ni la kweli. Rangi nimezipanga mimi, kama vile..."

Nilijua anaenda wapi. Anaenda kwa magunia. Maneno matatu tu na watu wote pale wangeelewa, maana sisi sote pale ni watu wa ndengu, hakuna asiye na uzi wake. Lakini nilikuwa nimesikia minong'ono, "amezipanga yeye, amezipanga yeye," na Muthoni aliiachilia ile fremu kana kwamba imemchoma, ikabaki mikononi mwangu. Nikampokonya mjukuu wangu maiki.

"Anaona haya tu huyu! Rangi ni za kweli! Nimeziona mimi kwa macho yangu haya mawili!"

Mama mmoja nyuma akasema, na alisema kwa sauti, "Macho gani, Mama Njeru? Si juzi ulisalimia mbuzi wangu ukamuuliza kama watoto wamelala salama?"

Walicheka. Kwenye kaburi la Ciarunji, watu walicheka. Emsii alisema, "Jamani tuheshimu marehemu," na yeye mwenyewe mabega yakitikisika. Mimi nikarudi nyuma, nikakanyaga ule udongo mlegevu, fremu ikanitoka, kioo kikavunjika vipande vipande, upepo ukalichukua wingu ukalibandika kwenye miguu ya wabeba jeneza, na pale chini kwenye fremu akabaki Mbogo, na koti lake la harusi, anatabasamu.

"Eh," mzee mmoja akasema, "na Mbogo naye amekuja?"

Hapo nilitamani kaburi liwe la watu wawili.

Mzee Nyaga hakucheka. Alimgeukia Igoki akasema taratibu, lakini maiki ilikuwa bado inawaka na kila mzazi alisikia, "Mwalimu, basi na hizo nyota utakazowafundisha watoto wetu gizani, hizo nazo amezipanga nani?"

Igoki alinitazama. Alikuwa ananingoja. Nilihitaji kusema tu, nimedanganya, mtoto amesema ukweli. Mimi nilikuwa nimeinama naokota vioo. Akangoja, akaona sisemi, akasema, "Tuendelee na mazishi, mzee." Kisha akainama akanisaidia kuokota.

Jumatatu fomu zilirudi tatu. Chama kikafa kabla hakijazaliwa.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Hunipigia kila Jumapili, ananiuliza miguu, ananiuliza dawa. Lakini darubini aliihamishia Kiirua kwa mwalimu mwenzake, eti kuna baridi nzuri. Nikamwambia, "Lakini huko ni barabarani wajina, taa haziko?" Akasema, "Ziko kidogo, Cucu," kisha akasema anaenda kusahihisha vitabu.

Ule ukanda niliupata mwezi uliopita katika kitabu cha nyimbo, nilikouchomeka. Nikauweka mezani, nikauwekea kidole, herufi kwa herufi. Haukuwa maneno ya kiwanda. Uliandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, herufi za kuandikiwa mtu wa darasa la tatu. Unasema: "Wingu hili halionekani kwa macho. Rangi si zake. Kila hewa nimeipa rangi yake ili zisichanganyike, kama nyuzi za magunia ya ndengu. Haya nimefunzwa na Cucu Igoki wa Ishiara."

Nilikata jina langu mwenyewe. Mimi niliyetaka kujulikana kuliko watu wote, nililikata kwa mkasi nikalifungia kwenye nyimbo.

Nilienda kwa Muthoni nikamwambia nilidanganya juu ya mama yake. Alinipa chai, akarudi kwa kazi zake. Nilienda kwa mzee Nyaga nikamsomea ukanda wote, na alinisubiri mpaka nikamaliza. Akasema, "Ungesema siku ile, mama." Akaongeza kwamba habari ya chama, mwaka ujao wazazi wataona.

Kwa hiyo nimeapa. Maiki sitashika tena, hata ya kutangaza mbuzi aliyepotea. Na karatasi iliyoandikwa na mtu sitaikata tena ili itoshee fremu yangu, fremu ndiyo itakatwa. Picha niliiokota kaburini siku ile, ina matope pembeni na alama ya kiatu, nikaushona ukanda mahali pake kwa sindano ya magunia na uzi mwekundu. Imetundikwa ukutani bila kioo, kando ya Mbogo. Igoki bado hajaiona.

Mwezi umeisha tena wiki hii. Mawingu ya mvua hakuna. Uani nimezima taa, na ile ya choo pia nimezima.