Mkono wa Kupimia Dawa ya Choo

Jumamosi nilikuwa kwenye duka moja la mtaa wa Pipeline linalouza sabuni ya maji ya kupima. Mbele yangu alikuwa msichana anayefanya kazi maabara, na mwenye duka alikuwa akimtania kuhusu kazi hiyo. Msichana akaeleza kwamba wanaotesha seli za ngozi ya binadamu, wanazitia kemikali, kisha wanalinganisha majibu na ya maabara nyingine. Yakilingana kila mara, serikali itayakubali, na sungura hawatachomwa tena kwa kujaribiwa kemikali hizo.

"Wapangaji hapa hawana maji, wewe unahurumia sungura?" mwenye duka akasema.

Tulicheka, mimi kwa sauti kuliko wote. Kisha nikaonyesha mtungi wa dawa ya choo aliyoichanganya mwenyewe. "Hii haichomi mikono?"

"Ngoja uone. Mama watoto, leta mkono!"

Mkewe akaacha kufunga chupa, akanyoosha mkono bila kuuliza kitu. Ulijaa mabaka hadi karibu na kiwiko. Mumewe akaudondoshea tone la dawa. Akauma mdomo.

"Si unaona?" mumewe akaniambia. "Haina shida."

Msichana akafungua chupa yake ya maji ya kunywa, akauosha ule mkono. "Pole sana, mama."

"Nimezoea. Kila akichanganya mpya, naitwa."

Sisi wateja tukiuliza kama kitu kinachoma, kumbe tunataka mwingine achomwe kwanza. Niliondoka bila kununua, kana kwamba hilo lingemponya yule mama.