Aksenti Mbili za Hélène

Kisa hiki kilinipata mimi mwenyewe. Hakikumpata binamu wa jirani, wala sikukisikia kwa mtu ndani ya treni. Nimekichambua miezi yote hii kama anayetafuta mawe kwenye mchele, na mimi ni mtu wa kutilia shaka hata salamu. Kama kungekuwa na maelezo mengine ningeyashika kwa mikono miwili.

Tena haikuwa usiku. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, mvua inapiga mabati ya mji wetu wa Kamina mpaka barabara ya stesheni haionekani.

Dada yangu mkubwa, Hélène, alikuwa ametutoka miezi minane kabla. Alifanya kazi katika kibanda cha Papa Ilunga cha kuchapa barua na kupiga fotokopi. Nilipomaliza masomo yangu ya informatiki na kukosa kazi, Papa Ilunga alinipa meza ya dada. Kompyuta ilikuwa yake pia, ya kufungua na kufunga, betri imekufa, inaishi kwa waya tu. Ndani yake kulikuwa na mazoezi ya kwaya ya parokia, aliyorekodi mwenyewe, naye akiimba alto. Katika rekodi moja anawasimamisha wenzake katikati ya wimbo: "Ba soprano, muko mbele ya treni. Rudieni, tupande wote." Wanacheka, naye anacheka. Hiyo tu ndiyo sauti yake iliyotubakia. Baada ya misa Mama hupita kuisikiliza. Anakaa kwenye benchi la wateja, anashika mkoba wake.

Kila nikiwasha, kompyuta iliandika: Bienvenue Hélène. Ilimkaribisha yeye, si mimi. Sikutaka kuibadilisha. Ungeweza wewe? Basi kazi zangu zote niliziweka ndani ya folda yake, yenye jina lake.

Wakati ule nilikuwa natengeneza programu ndogo ya simu ya kuwakumbusha wajawazito siku zao za kwenda maternité, hospitali ya uzazi. Muuguzi mkuu wa hapo aliniambia, "Jumatatu asubuhi niione ikitembea. Ikitembea, una kazi." Lakini kabla programu haijaingia kwenye simu, lazima kompyuta iijenge kwanza, kama mwashi anavyopandisha ukuta. Yangu ilikataa kujengwa. Siku tatu nilipata kurasa mbili za maandishi mekundu, kwa Kiingereza, na mimi nimesoma kwa Kifaransa. Nilikuwa nateremka hadi chini kabisa, panaposema ujenzi umeshindikana. Mstari huo nikaunakili, nikauliza watu kwenye mtandao. Mmoja akasema toa hiki, mwingine akasema weka kile. Nilitoa, nikaweka. Nikawaza labda ni umeme. Nikawaza labda ni adhabu, kwa kuwa nilikalia kiti cha marehemu haraka mno.

Rafiki yangu wa Lubumbashi akaniandikia: "Formate machine, uanze upya."

Maana yake kufuta kila kitu. Utaniuliza, kwa nini sikuhamisha zile rekodi kwanza? Flash yangu ilikuwa imeliwa na virusi vya wateja, simu yangu imejaa, na kwa mvua ile hakuna duka lililokuwa wazi. Nikajiambia Yaya Hélène, ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, angekubali. Nikajiambia Mama hatanisamehe. Halafu nikajiambia kazi ya maternité ndiyo itakayomlisha Mama, na nikaona aibu kwa kuwa hoja ilikuwa nzuri. Nikafungua ukurasa wa kufuta. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Hapo benchi likalia nyuma yangu, kama linavyolia mtu akikaa.

Sikugeuka. "Mashini ya fotokopi haitumike leo," nikasema.

"Sikukuya kwa fotokopi. Unafanya nini?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, imekauka kama ya mtu anayepona mafua.

"Nafuta yote. Inanikatalia."

"Inakatalia juu ya nini?"

"Sijue, Yaya. Nyekundu tupu."

"Unasomaka wapi?"

"Hapa chini."

"Mukia." Akacheka kwa pua. "Treni ikianguka, bantu banaangaliaka wagon ya mwisho? Panda juu. Angalia yenye ilitoka ya kwanza."

Baba yetu, mfanyakazi wa reli, alikuwa akisema hivyo hivyo. Lakini Kamina nusu yetu ni watoto wa reli, kwa hiyo sikushtuka. Nikapandisha maandishi hadi juu kabisa, mahali ambapo kwa siku tatu sikuwa nimepaangalia. Mstari wa kwanza ulionyesha njia ya kufikia kazi yangu, folda ndani ya folda, na katikati ya njia palikuwa na kitu hiki: H??l??ne.

"Soma ile jina," akasema.

"Haisomeki."

"Njo vile. Banamuita mubaya. Muntu akiitwa mubaya, atakuya?"

Niamini, nilihisi kichwa kinafunguka kama dirisha. Aksenti, zile alama ndogo juu ya herufi e! Vyombo vya kujengea havikuzijua herufi zenye aksenti. Vilifika kwenye jina la dada yangu, vikashindwa kulitamka, vikasimama. Yote mekundu yaliyofuata yalikuwa mabehewa yaliyovutwa na lile la kwanza.

"Toa kazi yako mu nyumba ya muntu," sauti ikasema, polepole sasa. "Nyumba uiache."

Nikaufunga ukurasa wa kufuta. Nikaihamisha kazi na vyombo vyake nje, kwenye folda mpya niliyoiita kazi, herufi nne zisizo na aksenti. Nikaanzisha ujenzi, tukangoja. Alipokuwa anangoja, alianza kuimba mdomo ukiwa umefungwa. Wimbo niliujua, wa komunyo. Ila hakuimba ile sauti ambayo kila mtu huiimba njiani. Aliimba alto, ile ya chini yake, ambayo peke yake haina utamu mpaka wenzake waingie. Nani huimba alto akiwa peke yake? Swali lilinijia, lakini macho niliyaacha kwenye skrini.

Mstari wa mwisho ukatoka. Imejengwa.

"Imetembea, Yaya," nikasema.

"Njo weye, Injinia Wasiwasi."

Jina hilo alinipa mtu mmoja tu.

Nikageuka. Benchi lilikuwa tupu, na kavu, ilhali nje mvua ilikuwa haijapungua. Papa Ilunga alikuwa kwenye kigoda mlangoni, mlango wa pekee tulio nao, anabambua karanga.

"Papa, yule mama amepita wapi?"

"Mama gani? Toka mvua ianze, hata kuku haijaingia."

"Hukumusikia akisema?"

"Nilikusikia weye. Kusema pekee, ile haiko habari, unasemaka pekee kila siku." Akatupa maganda kwenye maji. "Leo tu ulikuwa unasema Yaya, Yaya. Nikasema, nimuache."

Kwetu mwanamke yeyote anayekuzidi umri unaweza kumwita Yaya, ni heshima. Hivyo ndivyo nilivyojieleza nikirudi nyumbani. Lakini sikuwa nimegeuka kumwona. Nilijuaje kwamba ananizidi umri? Ulimi wangu ulimjua kabla ya kichwa changu, na jambo hilo bado linaniamsha usingizini. Halinitishi. Linaniuma tu kwamba sikugeuka mapema.

Maternité walinichukua. Rekodi ziko kwenye flash tatu sasa, moja kwa Mama, ndani ya Biblia. Na kila programu ninayoandika, jina la kwanza ninalolijaribu ni Hélène, kwa aksenti zake zote mbili. Ikishindwa kumwita vizuri, haitoki mezani kwangu.

Nawe unayenisoma, siku mashine yako itakapokukatalia na mtu akakwambia ufute tu, panda kwanza hadi mstari wa kwanza, usome kuna jina la nani. Na ukisikia benchi linalia nyuma yako, geuka.