CD ya Harusi Iliyokosa Sauti

Shule mimi nilikuwa naipita tu nikienda sokoni, lakini mwisho wa ile miaka ya tisini mimi ndio nilikuwa mtu wa kompyuta Migori mzima. Si kujisifu. Kompyuta ya kutengeneza video ilikuwa moja, na mimi ndio nilikuwa nimekaa mbele yake.

Mwenye duka alikuwa mtu wa Mombasa, mpole, tukimwita Hajji. Aliuza redio na kukodisha kaseti za video. Alipoona watu wanaanza kununua deki za CD, akaleta hiyo mashine ya kutoa harusi kwa kaseti na kuiweka kwa CD. Ilikuja na CD ya mazoezi. Ndani kulikuwa na vipande vya picha: ndege wanaruka, maji yanaanguka, treni inapita. Picha tupu, bila sauti hata ya mbu. Hajji akaniambia, "Jifunze na hizi kwanza. Za watu usiguse."

Mwezi mzima nilikata ndege, nikaunga ndege, nikachoma ndege kwa CD. Ilifika mahali hao ndege wakiniona asubuhi wanajipanga laini wenyewe.

Kompyuta haikuwa na spika, kwa hivyo nilijitungia elimu yangu: picha inatoka kwa CD, sauti ni kazi ya TV. Si TV ndio iko na spika? Hakuna mtu aliniuliza, na mimi sikuuliza mtu.

Siku moja akaja mwalimu kutoka Homa Bay na kaseti ya harusi yake. Ilikuwa imeota ukungu mweupe kama ugali wa juzi.

"Omera, ndugu yangu," akaniambia, "hii ndio iko na sauti ya baba yangu. Alitoa hotuba siku hiyo, miezi miwili baadaye tukamzika. Mama yangu haoni, macho yake yalikufa zamani. Anataka tu kumsikia mzee."

Nikaiweka. Kompyuta ikameza harusi yote, halafu wakati wa kurudisha nyuma deki ya video ikatafuna kaseti. Utepe uliotoka ungefunga ng'ombe wote wa Ndhiwa na mwingine ubaki. Sikujali, harusi si iko ndani? Kompyuta ilikuwa imetoa faili mbili, moja nono, moja nyembamba. Ile nono nikaifungua, nikaona bibi harusi. Nyembamba nikaifungua, hakuna picha. Kwa zile za mazoezi sikuwahi kuona kitu kama hiyo. Nikasema haya ni makapi, nikaitupa kwa kindoo cha takataka kilichoko kwa kona ya kioo cha kompyuta. Nikachoma CD, nikavaa shati ya Krismasi, nikaipeleka Homa Bay mwenyewe.

Nyumba ilijaa. Yule mama alikuwa amewekewa kiti karibu na TV mpaka magoti yanaigusa. Picha ikatoka safi. Kwaya ikafungua midomo unaona mpaka koo. Mzee akasimama, akainua fimbo, akaanza kuongea. Kimya. Mwalimu akaongeza sauti mpaka mwisho, TV ikatoa shhh kama dagaa wa omena wakikaangwa kwa sufuria.

"Wameanza?" mama akauliza.

"Mzee anaongea sasa hivi, Mikayi," jirani akamjibu kwa jina la heshima la mke wa kwanza.

"Anaongea na nani? Mimi simsikii."

Jirani mwingine akasema, "Huyu fundi ametuletea harusi ya samaki."

Mwalimu akanigeukia. "Sauti iko wapi?"

"Sauti ni ya TV," nikasema.

"Na TV yangu ilijuaje maneno ya baba?"

Hapo ndio akili iliniingia, tena kwa nguvu. Nikawaambia kaseti imetafunwa. Hakuna aliyenipiga, na afadhali wangenipiga. Mama alinyoosha mkono akatafuta kichwa changu, akakishika. "Nyathina, mtoto wangu, sema ukweli. Amepotea?"

"Dani, nyanya yangu, nipe mpaka kesho," nikasema, na sikuwa na kesho yoyote.

Asubuhi nilimweleza Hajji yote. Hakunifokea. Aliuliza, "Hiyo faili nyembamba, uliitupa?"

"Nikaitupa."

"Ukamwaga ndoo?"

"Kumwaga wapi, Hajji? Mimi nilidhani kuna mtu wa kaunsili anakuja kuchukua."

Hajji alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akafungua kindoo, na takataka yangu ya miezi yote ilikuwa imekaa humo. Akachomoa ile nyembamba, akatoa spika za redio kwa rafu, akaunganisha waya. Tukasikia mtu anakohoa. Halafu mzee akaanza kusalimia wakwe. Nikakaa chini kwa simiti, na nilivuta pumzi mpaka mapazia ya duka yakanifuata. Hajji akanionyesha kufunga picha na sauti pamoja, na hiyo CD tuliisikiliza mara tatu kabla sijaondoka.

Homa Bay, kile kiti kilikuwa bado hapo hapo. Mzee akakohoa ndani ya TV, na mama akashika mkono wa kiti. Mzee akawaambia watu kwa Dholuo kwamba yeye alimwoa huyu mama kwa huruma tu, sababu samaki wa kwanza aliyempikia hakulika.

"Mwongo," mama akamwambia, uso wote umefunguka. "Ulimaliza, ukalamba sahani." Akanigusa goti. "Nyathina, rudisha hapo. Bado sijamaliza na yeye."